Kikombe cha Kwanza cha Babunaj

"Kunywa, sir," nilimwambia meneja, nikamsogezea kikombe mezani.

Chai yenyewe ilikuwa ya babunaj, yale maua madogo meupe yenye kitovu cha manjano tuliyoyalima kwa mikono yetu, ambayo akina mama wengi wa mji huu huwapa watoto tumbo likiwasokota. Mvuke ulikuwa bado unapanda. Meneja alikitazama kikombe, akanitazama mimi, kisha akachukua kalamu na kukisukuma pembeni kwa ncha yake. Hata kidole hakukigusisha.

"Mimi ni mtu wa kahawa," akasema.

"Basi nikufungie umpelekee mtoto. Si mlipata msichana juzi juzi?"

"Madam, usianze maneno. Lori liko njiani. Yalla, rudi kazini."

Subira yangu ilikatikia hapo. Nilivua aproni nikaiweka juu ya meza yake, juu ya makaratasi yake, ikiwa na udongo wake. Nikabeba kikombe changu nikatoka. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, mama wa mtoto mmoja, nywele zangu zote zikiwa bado nyeusi. Mnaosema mtu wa umri wangu hastaafu ila anaacha kazi, semeni. Mimi kilimo cha maua yale nimekimaliza, na anayemaliza kazi ana haki ya kukaa chini na kuwaeleza wanaobaki. Nawaandikia nyinyi wasichana mliobaki shambani, na wale watakaoletwa baada yenu. Kuhusu vyeo sitawaambia kitu, maana havikuwa na maana. Nitawaambia kazi.

Nilifika Dubai mwaka wa 2011 na cheti cha kidato cha nne, somo la kilimo nikiwa nimepata C. Shamba lenyewe mnalijua: kule upande wa Al Awir, mchanga mbele, mchanga nyuma, na katikati kipande cha kijani ambacho hata ngamia wa jirani hukitazama kwa mshangao. Niliajiriwa kufunga mboga. Siku ya kwanza kabla sijagusa hata giligilani moja, mwanamke mnene aliyejifunga kanga kiunoni juu ya suruali ya kazi alinizuia mlangoni.

"Lete mikono," akasema.

Nikampa. Akaigeuza kama anayenunua samaki.

"Kucha hizi za kupalilia au za kwenda harusini?"

"Za kwangu," nikamjibu.

Akacheka mpaka kanga ikalegea. "Huyu namtaka mie. Ana mdomo, hatanidanganya."

Huyo ndiye Bi Zuhura, Mpemba, msimamizi wa sehemu ya maua. Msidhani alikuwa mtu wa kujishusha. Bi Zuhura alijisifu asubuhi, akajisifu mchana, na akipanda basi jioni alimalizia pale alipoachia. "Hakuna mtu Ghuba nzima anaijua babunaj kama mie," alikuwa akisema, na hakuna aliyebisha. Kwanza kwa sababu angekuchosha. Pili kwa sababu ilikuwa kweli.

Mimi ni mtu wa Kinangop. Kwetu baridi inaunguza viazi usiku, unaamka asubuhi shamba ni jeusi kama lilipitiwa na moto. Kwa hiyo nilijiona najua kilimo cha taabu. Mwisho wa Oktoba joto lilipoanza kulegea, Bi Zuhura aliniita tupande. Mbegu ya babunaj ni vumbi tupu, ukipiga chafya umepoteza kitalu. Aliichanganya na mchanga laini mkavu ili aione inapoangukia, akairusha kwa vidole vitatu kama anayetia chumvi. Mimi nikashika reki nifukie.

"We! Unamzika nani?" akapiga kelele. "Hii haizikwi. Inataka kuliona jua. Ibonyeze kwa ubao, kisha uinyunyizie maji kama unayemnawisha mtoto uso."

Basi tukaibonyeza kwa ubao. Mpaka leo nikiona mtu anafukia mbegu ya babunaj mkono unaniwasha.

Januari ilipofika, jioni moja upepo uligeuka nikasikia baridi mifupani, ile ya kwetu kabisa. Nikakimbia ghalani nikaleta magunia nifunike vitalu. Bi Zuhura akasimama njiani, mikono kiunoni.

"Unakwenda wapi na magunia, mtoto wa baridi?"

"Baridi itaua miche, Bi Zuhura. Kwetu tunafunika."

"Kwenu. Huku baridi ndiye mgeni wetu wa heshima, ndiye tuliyemngojea mwaka mzima. Ukimfunika akaondoka, utavuna nini? Adui zetu ni wawili: joto, na ukungu wa alfajiri. Ukifunika, ule unyevu unalala humo ndani na mmea, asubuhi unazaa kuvu."

Kwa hiyo wasichana, jueni kalenda yetu ni kinyume cha kalenda ya watu. Wenzetu wa nchi za baridi wanakimbizana na theluji, sisi tunakimbizana na kiangazi. Una hiyo miezi michache ya ubaridi: mmea uote, ujae, utoe maua, uvunwe, tena uvunwe mara ya pili na ya tatu, kabla ya Machi kuisha na joto kuugeuza kuwa ufagio. Mwagilieni alfajiri, mpira wa matone ukiwa chini kabisa. Maji ya kisima chetu yana chumvi, yakigusa jani jua likatoka, jani linaungua. Vidukari wakija, sabuni na maji ya kitunguu saumu, basi. Bi Zuhura alichukia dawa za dukani kuliko alivyochukia kuchelewa. Ikibidi kupuliza, alifunga kitambaa chekundu kwenye kigingi cha kitalu, na kitambaa hicho hakikutoka mpaka siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa ziishe, na za kwake alizoongeza juu.

"Chupa imesema zimeisha," nilimwambia mara moja, maua yakiwa yameanza kupitiliza.

"Chupa haina mtoto," akanijibu.

Kuvuna ndiko kulikonifanya nimpende. Ua la babunaj lina siku yake. Petali zikiwa bado zimesimama, ni changa. Zikilala sawasawa kama mkeka, ndiyo siku. Zikianza kuinama chini, umechelewa, litavunjika wakati wa kukauka na utabaki na unga. Unavuna umande ukishakauka, jua likiwa halijawa kali. Tuliletewa vitana vya plastiki vya kuvunia, vikang'oa mpaka mashina. Bi Zuhura alivitupa. Akaenda kwa seremala wa Deira, akasimama juu ya kichwa chake kutwa nzima, akatoka na kisanduku cha mbao chenye meno ya spoki za baiskeli, nafasi kati ya meno ikiwa ndogo kuliko kichwa cha ua na kubwa kuliko shina. Unakipitisha kutoka chini kwenda juu, taratibu, vichwa vinabaki ndani, mmea unabaki umesimama kama haujui umeibiwa. Alikuwa akivuna na kuimba na kutukana, vyote kwa pamoja, na kitalu alichopita yeye kilitoa maua tena mapema kuliko vyetu. Nilimwangalia misimu mitatu kabla mkono wangu haujaanza kufanana na wake.

Ukishavuna usirundike kwenye ndoo. Maua yaliyorundikana yanapata joto yenyewe, yanakuwa meusi. Tandaza mara moja, safu nyembamba, juu ya wavu, kivulini, feni ikipita juu juu. Hii ya kivuli Bi Zuhura alijifunza kwa aibu, na aibu yenyewe aliisimulia kila msimu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Mie nimekulia kwenye karafuu," alikuwa akianza. "Pemba ukichuma karafuu unaanika juu ya majamvi, jua kali, ukizifichia jua zinakuwa mpeta, hazina bei wala harufu. Basi nikafika hapa, nikavuna babunaj yangu ya kwanza, nikaitandaza juani kama karafuu! Nikajikalia kivulini najisifu. Jioni naja kugeuza, lo! Nyasi ya kulisha mbuzi. Arbab akaja akanusa, akaniuliza, 'Zuhura, hii ni chai au ni godoro?'"

Arbab, yaani mwenye shamba, alikuwa mzee wa hapa hapa aliyependa kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa chumba cha kukaushia. Ni yeye na Bi Zuhura waliozua desturi ya kikombe cha kwanza. Kila fungu likikauka, kitovu cha manjano kikipondeka ukikisugua kati ya vidole, Bi Zuhura alichota konzi moja kutoka katikati ya fungu, akachemsha maji mbele ya wote, akafunika kikombe kwa kisahani, akangoja. Kisha alikunywa yeye kwanza. "Kama ina ubaya, uanze na mie," alisema. Cha pili alikunywa arbab. Ndipo magunia yakafungwa. Kabla ya vikombe hivyo viwili hakuna gunia lililoshonwa mdomo, hata mnunuzi awe amesimama mlangoni anapiga honi.

Desturi hiyo niliiona ikijaribiwa mwaka wa ukungu mkubwa. Alfajiri baada ya alfajiri hatukuona hata uzio. Kitalu bora kuliko vyote, kilichokuwa kimejaa maua mpaka huoni kijani, kikashikwa na kuvu jeupe kama kimenyunyiziwa unga. Vijana wa upande wa mboga wakamshauri avune upesi, akaushe, eti kuvu likikauka halionekani. Bi Zuhura alishika mundu akakata kitalu kizima chini, akakifukia shimoni, na sisi tukafukia naye huku tunalia. Arbab alifika akakuta udongo mtupu.

"Zuhura, umeniua!" akasema.

"Sijakuua, arbab. Ningekuua kwa kikombe."

Mzee alikaa kwenye kiti chake. Baadaye akasema, "Basi leta chai ya fungu la zamani." Wakanywa. Nilisimama pale na koleo nikawaza, mimi nataka niwe hivi. Sikuwa nataka ukubwa wake wala mdomo wake, mdomo ninao. Nilitaka ule mkono uliokata bila kutetemeka.

Binti yangu Njeri alizaliwa Bur Dubai, kwenye chumba tulichopanga mimi na mume wangu Kamau, ambaye ni mlinzi wa jengo kule Jumeirah Village Circle. Njeri alilia. Sisemi alilia kama watoto wanavyolia, alilia mpaka jirani akahama kitanda. Ijumaa moja Bi Zuhura akavuka hori kwa abra, ile mashua ya abiria, kutoka Deira akatuletea kopo la babunaj ya kitalu chake.

"Nimpe kijiko?" nikamuuliza.

"Nenda ukamuulize daktari. Mie mkulima, si daktari. Na mwanao bado mdogo, usinisingizie."

Daktari akasema mtoto asipewe bado, ninywe mimi. Nikanywa. Sijui kama ni chai au ni mimi kupumzika dakika tano nikiinywa, lakini usiku ule tulilala wote watatu. Njeri alipokua kidogo, daktari akaruhusu, akawa anaidai kwa jina. "Baba-naji!" Kamau akisikia anaitika, anadhani ni yeye.

Magoti ndiyo yaliyomrudisha Bi Zuhura Pemba. Siku ya kuondoka hakulia, alijisifu. Alinikabidhi kile kitana cha spoki mbele ya wasichana wote. "Huyu mtoto wa baridi ndiye atakayenywa kikombe cha kwanza," akasema. "Akikosea, nimemfundisha mie, kwa hiyo hatakosea." Arbab alifariki mwaka huo huo. Wanawe wana shughuli zao mjini, wakaajiri meneja.

Nitasema haki. Meneja hakuwa mjinga. Angekuwa mjinga ningemsamehe. Alisomea mambo haya, alibadilisha mipira ya maji iliyokuwa inavuja, alileta wavu mpya wa kivuli, na karatasi za kuonya kuhusu dawa zilizobandikwa ghalani alizibandika yeye mwenyewe. Desturi ya kikombe aliipenda sana, aliwaonyesha wageni, wakapiga picha. Kiti cha arbab alikikalia yeye, na kikombe cha pili alikunywa, tena kwa madaha. Ndiyo maana neno lile la "mimi ni mtu wa kahawa" lilinichoma. Misimu miwili alikuwa mtu wa babunaj.

Msimu huu Njeri aliugua kifua nikachukua likizo ya kumuuguza. Niliporudi nilikuta chumba cha kukaushia kimejaa, na kwenye meza ya kufungia, vile vipakiti vipya vyenye picha ya mtoto anayecheka. Nikachota konzi, nikanusa. Babunaj nzuri inanukia tufaha. Hii ilinukia tufaha lililofungiwa kwenye kabati la dawa.

Nakato, mwenzangu wa kutoka Jinja, alikuwa anafunga vipakiti bila kuinua macho. Nakato asiyeongea ni kama redio iliyozimwa, unajua kuna kitu.

"Nakato, hili ni fungu la wapi?"

"La kitalu cha uzioni, dada."

"Si nilikiacha na kuvu?"

"Ndiyo. Wakaja na mtambo wakapuliza dawa. Kitambaa chekundu kikafungwa. Kesho yake asubuhi tu, meneja akakitoa kwa mkono wake. Akasema vuneni." Akashusha sauti. "Nikamwambia, sir, kitambaa. Akasema umande umeosha, khalas."

"Na mkavuna?"

"Dada, wewe una mume na mdomo. Mimi niko hapa kwa visa yake."

Sikumgombeza. Hasira yangu ilikuwa na mahali pake pa kwenda. Nilichemsha maji mbele ya wote kama ilivyo desturi, nikachota kutoka katikati ya fungu, mengine nikayajaza koponi nikalitia mkobani, nikafunika kikombe na kisahani, nikangoja. Wasichana wakaacha kufunga. Kisha nikafanya jambo ambalo Bi Zuhura hakulifanya hata siku moja: sikunywa. Nilikipeleka ofisini. Yaliyobaki mnayajua, kalamu na aproni.

Nikiwa kwenye basi nilimtumia Bi Zuhura ujumbe wa sauti, nikamweleza. Jibu lake lilikuja pale pale, kuku wakipiga kelele nyuma yake.

"Umekunywa?"

"Sikunywa."

"Vizuri. Na watoto wa watu je, wao nani atawazuia wasinywe?"

Kamau alijaribu kunituliza. "Mama Njeri, umeshaacha kazi, wacha na maneno. Hapa si kwetu."

"Vipakiti vinaenda dukani, Baba Njeri. Mtoto wa mwenzangu akilia leo, mama yake atamchemshia nini?"

Akamtazama Njeri aliyelala. Akaenda kunitafutia pasipoti yangu, maana alijua wataiuliza.

Asubuhi nilienda ofisi ya kuchapa barua, Bur Dubai, nikiwa na kopo lililojaa maua ya lile fungu. Mchapaji, kaka mmoja wa Kerala mwenye miwani, aliandika kwa Kiarabu kila nilichomwambia, lakini alitaka kunipaka sukari.

"Sister, hapa tunaweka 'kwa unyenyekevu mkubwa'."

"Usiweke."

"Mwisho tunaweka 'naomba radhi kwa usumbufu'."

"Kaka, una watoto?"

"Wawili."

"Wanakunywa babunaj?"

Mikono yake ilisimama juu ya kibodi. Akaniuliza kipakiti kinafananaje. Nikamwambia. Tangu hapo hakubadilisha hata neno moja, na nikaenda nayo baladia, yaani manispaa, kwenye dirisha la malalamiko ya vyakula, nikaikabidhi pamoja na kopo. Dada aliyenipokea alisoma kwa utulivu, akagonga muhuri. Hivi ndivyo ilivyosema:

*Kwa wahusika wa usalama wa vyakula.*

*Mimi ni Mkenya, mama wa mtoto mmoja, niliyesimamia kilimo cha babunaj katika shamba lililotajwa hapo juu mpaka jana. Nalalamika dhidi ya meneja wa shamba hilo. Kitalu cha uzioni kilikuwa na kuvu. Kilipulizwa dawa, na kitambaa cha onyo kikafungwa. Meneja alikitoa kitambaa hicho siku iliyofuata, kabla ya siku za kungoja kuisha, akaamuru maua yavunwe, yakaushwe, na yafungwe kwenye vipakiti vya chai ya watoto. Wasichana waliovuna waliamrishwa, wasiulizwe wao, aulizwe yeye. Maua ya fungu hilo yamo ndani ya kopo hili, nimeyachota kwa mkono wangu. Mengine yamepakiwa kwenye lori.*

*Shamba letu lina desturi. Anayeuza hunywa kikombe cha kwanza mbele ya watu. Nilimpelekea meneja kikombe cha fungu hili. Alikisukuma kwa kalamu.*

*Naomba maua haya yapimwe, na vipakiti virudishwe vyote kabla mama hajachemsha maji. Mkimwita meneja aje kujieleza, msimuulize maneno mengi. Mchemshieni.*